German Shepherd au Rottweiler: Nani abaki na mama nyumbani?

Na Mwandishi Wetu, Kigali

MTU anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini hujenga kwa mpangilio ambao sote tunaujua. Huanza na bati, halafu uzio, halafu geti la chuma, na juu ya geti hubandika kile kibao tulichokizoea tangu miji ya ng'ambo ya mpaka: "Mbwa Mkali". Kibao hubandikwa siku hiyo hiyo. Mbwa mwenyewe hutafutwa baadaye, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Kwetu maneno hayo yalichukua miezi mitatu. Mdogo wangu wa kike anafanya biashara ya mchele na dagaa kupitia Rusumo, na amejenga Kabuga, nje kidogo ya jiji la Kigali. Kila wiki huondoka alfajiri, hushika njia ya Rwamagana na Kayonza kilomita zipatazo 160 hadi darajani, huvuka, na kurudi baada ya siku mbili, mara nyingine tatu. Mumewe ni dereva wa malori. Yeye hurudi akirudi. Wanaobaki nyumbani ni mama yetu mzazi, ambaye amekwishavuka miaka 70, watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa tisa, pamoja na binti wa kazi. Na kila mtu mtaani anazijua siku ambazo mwenye nyumba hayupo, maana safari za mfanyabiashara wa mpakani hazifichiki, kama yasivyofichika magunia yake.

Kwamba mbwa anahitajika, hakuna aliyepinga. Ubishi ulikuwa juu ya aina. Shemeji alitaka Rottweiler. Dereva mwenzake wa Kampala alikuwa na watoto wa mbwa hao na alikwishamwekea dume mmoja. Mdogo wangu alikuwa amewaona German Shepherd kwa jamaa mmoja wa Kicukiro, ambaye jike lake lilikuwa limezaa. Wote wawili wakanituma niulize kwa watu wanaojua, kwa kuwa katika ukoo wetu mwandishi wa habari huhesabiwa kuwa mtu asiye na kazi maalumu. Nimezungumza na madaktari wa mifugo, nimeingia katika nyua za watu wanaofuga mbwa hao, nimekaa hadi mbwa wenyewe wakanizoea. Nayaandika hapa niliyoyapata kwa sababu najua ubishi huu hauko Kabuga peke yake.

Wote walianza kwa kuchunga

Watu wengi wanadhani mbwa hawa waliumbwa kwa ajili ya polisi na mageti. Sivyo. Wote wawili ni mbwa wa mifugo kutoka Ujerumani, na ukiielewa kazi ya mababu zao, utakuwa umeelewa zaidi ya nusu ya tabia zao.

German Shepherd ni mbwa wa kondoo. Mwaka 1899 afisa mmoja wa kikosi cha farasi, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa aliyempa jina la Horand von Grafrath, akamwandikisha kuwa wa kwanza katika kitabu cha uzao huo. Kazi ya mbwa wa namna hiyo ilikuwa kuzunguka pembezoni mwa kundi kutwa nzima, kuhakikisha kondoo hawaingii shambani mwa mtu. Kwa hiyo ni mbwa asiyetulia. Masikio juu, macho huku na huku, kila kinachopita lazima akitolee taarifa. Wazee waliokaa Uganda na Tanganyika wakati wa Waingereza utawasikia wakimwita Alsatian. Jina hilo lilitumika Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maana hakuna aliyetaka kutamka neno "German", na ni mwaka 1977 tu ndipo jina la German Shepherd liliporuhusiwa tena rasmi.

Rottweiler ni mbwa wa ng'ombe. Anatoka katika mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Inasimuliwa kwamba mchinjaji aliyekwisha kuuza alikuwa akifunga mfuko wa fedha shingoni mwa mbwa wake wakati wa kurudi nyumbani, kwani hakuna mwizi aliyethubutu kuupapasa. Wenzangu mnaosafiri na fedha taslimu kati ya Benaco na Nyabugogo mtaelewa kwa nini shemeji aliipenda sana habari hiyo. Reli ilipoanza kubeba ng'ombe, kazi ya mbwa huyu ilipungua, na mwanzoni mwa karne ya 20 akapata nyingine katika polisi.

Sasa angalia tofauti. Ng'ombe haogopi kuzungukwa, ng'ombe husukumwa. Rottweiler anasukuma kwa mwili. Ukiingia katika ua wake naye ameridhika nawe, atakuja kukuegemea mguuni kwa uzito wake wote, na kama hukujiandaa utakaa chini. Habweki ovyo. Hulala pale kivulini, anakutazama, anafikiri. Mimi binafsi utulivu huo ulinivutia kuliko nilivyotarajia, na nyumba moja ya Kanombe niliyotembelea ilikuwa na Rottweiler jike ambaye mtoto wa miaka sita alikuwa akimlalia tumboni kama mto.

Hata hivyo, mtoto yule alikuwa amezaliwa akamkuta mbwa, na baba yake yupo nyumbani kila siku.

Gunia la mchele lenye miguu minne

Vipimo vya wafugaji wa Ulaya vinasema hivi: German Shepherd dume ana kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani na uzito wa kilo 30 hadi 40, jike lake sentimita 55 hadi 60, kilo 22 hadi 32. Rottweiler dume ana sentimita 61 hadi 68 na uzito wa kilo 50 hivi; jike kilo 42 hivi. Kwa kimo hawapishani sana. Kwa uzito wanapishana mno.

Mdogo wangu alielewa mara moja. Kilo 50 ndilo gunia lake la mchele. Gunia hilo yeye mwenyewe halinyanyui, hulipa mpagazi. Sasa chukua gunia hilo, litie misuli na meno, lifunge kamba, uiweke kamba hiyo mkononi mwa bibi wa miaka 70 na zaidi siku ambayo mbuzi wa jirani amepita mbele ya geti. Mama, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akisikiliza tu huku akichambua mchicha, aliuliza swali ambalo sisi wengine wote tulikuwa hatujaliuliza: "Nyie mkishaondoka, mimi nitaweza kumshika?"

Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika. Tulikuwa tukibishana kuhusu mwizi. Mwizi, Mungu akipenda, atakuja mara moja katika miaka kadhaa, au asije kabisa. Mama atamfungulia mbwa huyo mlango kila asubuhi na kila jioni.

Shemeji hakukata tamaa. Alisema ukali wa Rottweiler ni maneno ya sinema. Kuna ukweli katika hilo, na kuna takwimu zinazomkabili. Wataalamu wa Marekani walichunguza vifo 238 vilivyotokana na kushambuliwa na mbwa nchini humo kati ya mwaka 1979 na 1998. Katika vifo ambavyo aina ya mbwa ilijulikana, zaidi ya nusu vilihusisha mbwa wa jamii ya pit bull na Rottweiler. German Shepherd alifuatia nyuma ya hao, kwa hiyo naye si malaika. Watafiti wenyewe walionya kwamba hesabu hiyo haitoshi kuhukumu aina fulani, kwa sababu hakuna aliyejua ni mbwa wangapi wa kila aina walikuwa wakifugwa, na mengi hutegemea malezi, kufungwa mnyororo na uangalizi. Nakubaliana nao. Lakini jambo moja halihitaji takwimu: mbwa mzito akikosea, kosa lake nalo ni zito. Mtoto wa miaka minne anayeangushwa kwa mchezo kwenye sakafu ya saruji hajui kama mbwa alikuwa anacheza.

Mnyororo ndio unaoharibu

Madaktari wa mifugo niliowauliza walitofautiana katika mambo mengi, ila katika hili walisema kwa sauti moja. Mbwa anayefungwa mnyororo kutwa, akafunguliwa usiku, akarushiwa chakula na mtu anayemwogopa, ataharibika awe wa aina gani. Huyo si mlinzi. Ni mfungwa mwenye hasira, na siku mnyororo ukikatika haulizi nani ni mgeni na nani ni mtoto wa shule.

Umri unaojenga tabia ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: tangu wiki ya tatu hadi kama ya 14 ya maisha yake. Humo ndimo mtoto wa mbwa anajifunza kwamba bibi mwenye fimbo, mtoto anayepiga kelele, pikipiki na mwanamume mwenye kofia ni vitu vya kawaida. Asichokiona wakati huo, baadaye hukiogopa, na mbwa mkubwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Wakati huo huo asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane, maana kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kupunguza nguvu ya meno. Kwa hiyo ana wiki chache tu za kukaa na jamii yako na kuizoea, na katika wiki hizo anayepaswa kumlisha na kumwamuru ni yule atakayebaki naye, si anayelipa.

Hapa ndipo kila aina ina dosari yake kwa nyumba ya mfanyabiashara. German Shepherd akiachwa peke yake bila kazi huchanganyikiwa. Huzunguka uzio hadi anachora njia kwenye majani, hutafuna viatu, hulia, hubwekea kila bodaboda. Anahitaji kutembezwa na kufundishwa kila siku, na kichwa chake chepesi hufanya kazi hiyo iwe rahisi hata kwa mtoto wa miaka tisa akisimamiwa. Rottweiler huvumilia upweke kiasi zaidi, lakini anapofikia umri wa mwaka mmoja hadi miwili huanza kujaribu nani ni mkubwa wa nyumba. Si kwa kung'ata, kwa kukataa. Anaambiwa aondoke mlangoni, hasogei. Akikutana na mtu thabiti, mpole lakini asiyeyumba, yanaisha. Akikutana na binti wa kazi anayebadilishwa kila baada ya miezi minne, hayaishi.

Boksi la sabuni mpakani

Wasomaji wetu wa mipakani wanaijua biashara hii. Mtoto wa mbwa huwekwa ndani ya boksi la sabuni, boksi chini ya kiti cha basi dogo, na mtu anavuka kama aliyebeba vitunguu. Ni rahisi, haina foleni, na ndiyo njia ambayo kichaa cha mbwa husafiri.

Kichaa hicho kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka, vingi vikiwa Afrika na Asia, na karibu vyote hutokana na mbwa. Ubaya wake ni kwamba virusi hukaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, kabla mbwa hajaonyesha chochote. Yule mtoto mchangamfu anayekulamba vidole pale stendi anaweza kuwa tayari ameumwa na mbwa koko wa huko alikotoka.

Anayetaka kuvuka na mbwa kihalali kwa kawaida anatakiwa awe na kibali cha kuingiza mnyama kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi anayokwenda, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali kule anakotoka, na cheti cha chanjo ya kichaa. Kibali huombwa kabla ya safari, si ukishafika darajani. Na fanya hesabu hii ndogo: chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mbwa akiwa na miezi mitatu, na kinga huchukua wiki tatu hivi kukamilika. Ukionyeshwa mtoto wa wiki nane mwenye cheti cha kichaa kilichopigwa muhuri, jiulize cheti hicho ni cha mbwa yupi. Dume la Kampala lilikuwa na cheti cha namna hiyo. Nilimwonyesha shemeji tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kuchanjwa, nikanyamaza. Naye akanyamaza.

Na ikitokea mbwa yeyote amekuuma, awe wa kwako au wa njiani, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uanzishiwe chanjo. Si pilipili, si mafuta ya taa, si manyoya ya mbwa aliyekuuma. Mbwa mwenyewe asiuawe haraka kama anaweza kufungiwa salama; daktari wa mifugo humwangalia kwa siku 10.

Kuhusu utapeli wa aina, mambo machache. German Shepherd huzaliwa mweusi mweusi na masikio yakiwa yamelala. Huenda yasisimame hadi miezi minne, mitano, wakati mwingine sita. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha mtoto mwenye masikio yaliyolala anaweza kuwa mkweli, na anaweza kuwa anakuuzia chotara. Rottweiler wa kweli ni mweusi mwenye madoa ya kahawia yaliyokaa mahali pake: juu ya macho, mashavuni, kifuani, miguuni. Mkia wake kiasili ni mrefu. Ule mfupi ni wa kukatwa, na Ujerumani kwenyewe waliacha kuukata tangu mwaka 1998. Dawa ya yote ni moja: omba kumwona mama. Kama mama anataka kukurarua hadi afungiwe chumbani, usichukue mtoto wake hata ukipewa bure.

Magonjwa na sufuria

Nitapita haraka hapa, kwa sababu daktari wako atakueleza vizuri zaidi. German Shepherd anasifika vibaya kwa nyonga zisizokaa sawa katika maungio. Mtazame mama akitembea na akiinuka kutoka kulala, na mkwepe yule ambaye mgongo wake umeteremka sana nyuma. Rottweiler huumia magoti, hunenepa upesi na hupata saratani ya mifupa kuliko mbwa wengi. Huko Uingereza madaktari waliona kwamba wastani wa umri wa German Shepherd ni miaka 10 na kidogo, wa Rottweiler 9 hivi. Ugonjwa wa parvo, ule wa kuhara damu, huwaua watoto wa aina zote mbili, lakini Rottweiler huelemewa zaidi. Chanjo yake huanza katika wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Sindano moja haitoshi. Magonjwa ya kupe nayo humpata German Shepherd kwa ukali wa pekee, na ninyi mnaoishi karibu na hifadhi ya Akagera mkumbuke kwamba ndorobo hamsumbui ng'ombe tu: mbwa mwenye homa ambaye macho yake yanageuka meupe apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Wote wawili wanaweza kufa kwa saa chache tu tumbo likijaa gesi na kujizungusha. Ndiyo maana wapewe chakula mara mbili kwa siku, si sinia moja kubwa usiku, na wasikimbizwe wakishakula.

Chakula chenyewe? Jike la German Shepherd la kilo 30 linahitaji takriban kalori 1,400 kwa siku, na Rottweiler dume karibu 2,100. Maana yake kila ukipika kwa ajili ya Shepherd, Rottweiler angetaka nusu yake tena juu. Ugali mtupu haumtoshi mbwa yeyote, ingawa ndio unaotolewa katika nyumba nyingi. Nyumba ya dagaa ina bahati: makombo ya gunia, yale mavumbi na vichwa ambavyo mteja hayataki, yakisafishwa mchanga na kuchemshwa pamoja na unga na mboga, ni chakula kizuri. Ongeza mapafu au utumbo kutoka bucha. Mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka kama vijiti, na kitunguu pia usimpe.

Majirani wawili

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya kuhusu mbwa havina, nasi hatuwezi kuliruka.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walioachwa walikula maiti za watu. Askari wa RPA na wale wa Umoja wa Mataifa waliwapiga risasi. Mama yetu alirudi kutoka Karagwe mwishoni mwa mwaka ule, na anasema alikaa muda mrefu kabla hajasikia mbwa akibweka, na hakuuliza sababu, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuambiwa. Wengi wenu mliorudi baadaye mmeikuta nchi yenye mbwa tena, wengine wamefungwa shanga shingoni, na pengine mnashangaa kwa nini mtu mzima mwenye heshima zake anavuka barabara akimwona mtoto wa mbwa.

Jirani wa mdogo wangu upande wa chini ni mama wa namna hiyo. Alinusurika, wengine wa nyumba yake hawakunusurika. Mdogo wangu aliona si haki kuleta mbwa bila kumwambia, akaenda na mama, wakakaa naye mchana mzima. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa. Tulidhani atasema tusilete kabisa, na kama angesema hivyo tusingeleta. Tulidhani pia, kama akikubali, atapendelea mbwa mkimya. Haikuwa hivyo. Alisema kubweka anaweza kukuvumilia. Akimsikia mbwa akibweka, anajua yuko wapi. Asichoweza ni kugeuka gizani akamkuta mbwa mkubwa amesimama kimya anamtazama. Akaomba kitu kimoja zaidi: geti lisiachwe wazi hata kidogo, mchana wala usiku.

Ninakiri ule utulivu wa Rottweiler ulionivutia Kanombe sijaweza tena kuutazama kwa macho yale yale.

Jirani wa upande wa juu ni mzee wa Kiislamu aliyekulia Ujiji. Kwake suala lilikuwa jingine: kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kumfanya mwenzako wa sebuleni. Mzee alisema hana neno, mradi mbwa asivuke uzio na watoto wasije kwake kucheza wakiwa wamelambwa mikono. Rottweiler hudondosha mate zaidi. German Shepherd hunyonyoka manyoya mwaka mzima, na kuna miezi ambapo ungedhani amenyolewa uani. Bora mate au manyoya? Mzee alicheka, akasema bora uzio.

Tulivyoamua

Imechukuliwa German Shepherd, jike, kutoka Kicukiro, akiwa na wiki tisa. Mama yake tulimwona, alitubwekea sana, halafu akaja kutunusa. Uzio umeongezwa tofali tatu, na geti limewekwa kitasa kinachojifunga chenyewe. Banda limejengwa nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, kwa kuwa manyoya yale ni ya baridi ya Ulaya na jua la saa saba si mchezo. Mnyororo haukununuliwa. Anayemlisha ni bibi, asubuhi na jioni, na hakuna mwingine anayegusa sufuria ile hadi mbwa atimize miezi sita. Hata mdogo wangu akirudi kutoka Rusumo na dagaa zake, humpa mama, mama ndiye humpa mbwa. Mtoto wa miaka minne haachwi naye peke yake hata dakika moja, na hilo lingekuwa hivyo hivyo kwa mbwa wa aina yoyote.

Shemeji naye hajaacha wazo lake. Kaka yake ana ghala la mahindi Kayonza, lenye ukuta mrefu, na analala hapo hapo yeye na vijana wake wawili walewale kwa miaka minane sasa. Ni mtu mnene, mpole, hapigi kelele, na hana mtoto mdogo pale. Nilipokwenda kumtembelea sikuona sababu hata moja ya kumkataza Rottweiler. Mahali pale panamfaa mbwa yule kuliko nyumba yoyote niliyoiona Kigali. Amekubali kungoja mbwa afikishe miezi minne ili achanjwe kichaa sawasawa huko huko Kampala, na wiki iliyopita alikuwa akiuliza ni ofisi ipi anayopaswa kupeleka maombi ya kibali kabla lori la shemeji halijashika tena njia ya Gatuna.